FUNDI ALIYEANDIKA JINA LAKE KATIKA FEDHA

Hebu chukua sarafu moja uliyo nayo mfukoni. Fumba macho, kisha pitisha kidole juu yake polepole. Kidole kinagusa nini? Kinagusa kichwa cha mtu, au mnyama, au maandishi. Picha hiyo haikuchorwa kwa wino. Imeinuka kutoka katika madini yenyewe. Hata kipofu anaweza kuitambua kwa kuipapasa.

Sarafu hupigwa na mashine, mara moja tu, basi imekwisha. Lakini leo tunataka kusoma habari za picha za kuinuka zilizogongwa kwa mkono, pole pole, katika mabamba ya dhahabu na fedha. Kazi hiyo ilifanywa katika mji wa Milano, nchi ya Italia, miaka zaidi ya 1,100 iliyopita. Fundi aliyeifanya aliandika jina lake humo humo. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Kitu chenyewe ni cha ibada ya Kikristo. Hata hivyo, si lazima uwe Mkristo ili ufaidike. Mhunzi, seremala, mfinyanzi, msusi wa mikeka, fundi cherehani, kila mmoja atakuta neno lake humu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Madhabahu: meza takatifu kanisani, mahali padri anapoadhimisha misa.

Fedha: neno hili lina maana mbili. Ya kwanza ni madini meupe yanayong'aa, ambayo hufanyiwa pete na bangili. Ya pili ni pesa. Katika somo hili fedha ni yale madini.

Sonara: fundi wa dhahabu na fedha.

Bamba: kipande cha madini kilicho kipana na chembamba, kama bati.

Masalia: mabaki ya mtakatifu, kama vile mifupa, yanayotunzwa kwa heshima.

1. MADHABAHU YENYEWE

Katika Milano liko kanisa la Mtakatifu Ambrosi. Ambrosi alikuwa mkuu wa serikali katika sehemu zile. Mwaka 374 watu wa mji walimtaka awe askofu wao, ingawa alikuwa hajabatizwa bado. Akabatizwa, akawa askofu, akaongoza mpaka alipokufa mwaka 397. Alizikwa katika kanisa hilo.

Sisi watu wa Afrika tunaye ndugu yetu anayehusika na habari za Ambrosi. Ndiye Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mahali ambapo leo ni nchi ya Aljeria. Augustino alikwenda Milano kufundisha, akambatizwa na Ambrosi mwaka 387. Katika kitabu chake cha maungamo, Augustino anaeleza jambo moja lililomshangaza. Alimkuta Ambrosi akisoma kwa macho tu, bila kutoa sauti. Siku zile watu wengi walisoma kwa sauti, hata wanapokuwa peke yao. Basi ewe uliyehitimu kisomo, ukiona bado midomo yako inacheza unaposoma, usione haya. Hata wasomi wakubwa wa kale walisoma hivyo.

Turudi kwenye madhabahu. Ambrosi alipokwisha kufa, miaka mia nne na zaidi ikapita. Askofu mkuu wa Milano akawa Angilbert, aliyeongoza kuanzia mwaka 824 hadi 859. Huyu ndiye aliyeagiza madhabahu mpya itengenezwe juu ya kaburi la Ambrosi. Madhabahu hiyo ni kama sanduku kubwa la mbao. Urefu wake ni kama sentimita 220, upana kama sentimita 122, na kwenda juu kama sentimita 85. Ubao wenyewe hauonekani, kwa maana pande zote nne umevikwa mabamba yenye picha za kuinuka. Upande wa mbele, unaowaelekea waumini, ni wa dhahabu. Upande wa nyuma na ubavuni ni fedha, na sehemu zake zimepakwa dhahabu. Katikati ya picha kuna mawe ya thamani, lulu, na vipande vya rangi vilivyoyeyushwa kama kioo.

Upande wa mbele zimo habari za Yesu. Katikati ameketi katika kiti cha enzi, na karibu naye wapo mitume kumi na wawili. Upande wa nyuma zimo habari kumi na mbili za maisha ya Ambrosi, na kila picha ina maneno machache ya Kilatini ya kuieleza.

Wafuga nyuki wataipenda picha moja. Inamwonyesha Ambrosi mtoto mchanga, amelala kitandani, na kundi la nyuki limemjia usoni. Hadithi inasema kwamba nyuki waliingia na kutoka mdomoni mwake bila kumdhuru. Yaya alitaka kuwafukuza, baba akamkataza. Kisha nyuki wakaruka juu, wakaenda zao. Baba akasema kwamba mtoto huyu akiishi atakuwa mtu mkubwa. Kwa ajili ya hadithi hiyo Wakristo humhesabu Ambrosi kuwa msimamizi wa wafuga nyuki.

2. KAZI ILIFANYWAJE?

Mtu akiona picha hizo huenda akadhani kwamba dhahabu iliyeyushwa ikamiminwa katika kalibu, kama watu wanavyomimina sufuria. Sivyo. Bamba liligongwa kwa nyundo. Kazi ya namna hii huenda hivi:

Kwanza, sonara hutwanga dhahabu au fedha mpaka iwe bamba jembamba lililo sawa.

Pili, huchora alama za picha juu ya bamba.

Tatu, hulilaza bamba juu ya lami. Hii si barabara, ndugu! Ni lami iliyochanganywa na unga wa vigae na nta kidogo. Lami hiyo ni ngumu kiasi cha kulishika bamba, lakini ni laini kiasi cha kubonyea linapogongwa. Bamba likiwekwa juu ya jiwe halitabonyea. Likiwekwa juu ya mchanga litayumba.

Nne, fundi hugonga upande wa nyuma, kwa nyundo ndogo na vyuma vyenye ncha butu. Kila pigo la nyuma hutokeza uvimbe upande wa mbele. Hapo patakuwa kichwa, hapo bega, hapo goti.

Tano, hugeuza bamba. Sasa hugonga upande wa mbele, ili kurudisha ndani mahali palipovimba kupita kiasi, na kutia macho, nywele na mikunjo ya nguo.

Sita, hulirudisha bamba motoni. Kwa nini? Kwa sababu madini yakigongwa sana huwa magumu, na mwisho hupasuka. Mhunzi yeyote anajua jambo hili. Dhahabu na fedha zikipashwa moto, kisha zikapoa, hulainika tena. Lakini moto ukizidi, kazi yote itayeyuka. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi joto 962, na dhahabu kwenye 1,064. Fundi wa zamani hakuwa na kipimo cha joto. Alitazama rangi ya madini kivulini, akajua.

Baadaye hugonga tena, hupasha tena, hugonga tena. Mkono mmoja ukikosea, bamba hutoboka, na kazi ya siku nyingi imeharibika. Si mchezo.

Tena kuna ugumu mwingine ambao wengi hawaufikirii. Unapogonga kutoka nyuma, kila kitu huja kinyume. Mkono wa kulia huwa wa kushoto. Herufi husomeka kinyumenyume, kama katika kioo. Basi sonara lazima afikiri pande mbili kwa wakati mmoja.

Tunataka kuongeza onyo. Njia moja ya mafundi wa kale ya kupaka dhahabu juu ya fedha ilikuwa kuichanganya dhahabu na zebaki, kuipaka, kisha kuipasha moto mpaka zebaki itoke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Zebaki ni hiyo hiyo ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi yetu wamekuwa wakiitumia. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini ni sumu. Huharibu ubongo na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Usichome zebaki ndani ya nyumba. Usitumie sufuria ya chakula. Na mama mjamzito asiikaribie kabisa.

3. HESABU KIDOGO

Watu huuliza: dhahabu hiyo yote ilitoka wapi? Hebu tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme tuna bamba la dhahabu lenye urefu wa mita 1 na upana wa mita 1. Unene wake ni nusu milimita, yaani sentimita 0.05.

Sentimita 100 x 100 x 0.05 = sentimita za ujazo 500.

Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3.

500 x 19.3 = gramu 9,650, yaani kilo 9.65.

Sasa tuseme picha hiyo ingetengenezwa kwa dhahabu yenye unene wa sentimita 1. Uzito wake ungekuwa kilo 193. Hii ni mara ishirini zaidi!

Kumbe nyundo ilisaidia kubana matumizi. Dhahabu kidogo ilitandazwa ikaenea mahali pengi. Kilichoongezeka ni saa za kazi. Tukumbuke hesabu hii, kwa maana tutaihitaji mbele.

4. DUARA MBILI ZA NYUMA

Sasa tuzunguke nyuma ya madhabahu. Katikati ya upande huo kuna milango miwili midogo ya kufunguka. Kwa ndani mtu aliweza kuelekea kaburi lenye masalia. Juu ya milango hiyo kuna picha nne, kila moja ndani ya duara. Duara mbili za juu zina malaika wakuu Mikaeli na Gabrieli. Duara mbili za chini ndizo tunazozitaka.

Katika duara moja Askofu Mkuu Angilbert anainama mbele ya Mtakatifu Ambrosi. Mikononi ameshika mfano mdogo wa madhabahu, anautoa kuwa zawadi. Ambrosi anamvika taji. Imeandikwa jina la Angilbert pamoja na neno la heshima, yaani bwana.

Katika duara ya pili anainama mtu mwingine. Huyu hana kitu mikononi. Ambrosi anamvika taji vile vile. Na maandishi ya Kilatini yanamtaja: Vuolvinius, magister phaber. Neno phaber maana yake fundi wa kugonga madini. Neno magister maana yake bingwa, na tena maana yake mwalimu. Kwa hiyo tungeweza kusema: Vuolvinius, fundi bingwa.

Ndugu msomaji, tafakari hapo. Mmoja ni mtu mkubwa kuliko wote katika kanisa la mji ule. Yeye ndiye aliyeagiza kazi na kuigharimia. Mwingine ni mtu wa nyundo na mkaa. Lakini duara zao zina ukubwa mmoja, zinatazamana, na mtakatifu ni yule yule. Mmoja alileta mali, mwingine alileta mikono yake mitupu, na wote wawili walivikwa taji. Wazee wetu husema, chanda chema huvikwa pete.

Siku zile kazi nyingi za mafundi zilibaki bila jina. Tunajua majina ya wafalme na maaskofu walioagiza, lakini waliofanya kazi wamesahauliwa. Vuolvinius ni mmoja wa wachache tunaowajua. Tunamjua kwa sababu moja tu: jina lake liliandikwa. Lisingeandikwa pale, leo tungesema tu kwamba madhabahu ile ni ya Angilbert.

Tena tusidhani alifanya kazi peke yake. Wataalamu walioichunguza wanaona kwamba picha za mbele na za nyuma zina mikono tofauti. Walikuwapo mafundi wengine, na wao hatuwajui. Maana hawakuandikwa.

Pembeni mwa upande huo huo kuna maandishi mengine marefu zaidi. Yanasema kwamba sanduku hili linang'aa kwa nje kwa madini na mawe, lakini hazina iliyo ndani, yaani mifupa mitakatifu, yapita madini yote. Hata wenyewe waliotoa dhahabu walikubali kwamba dhahabu siyo kipimo cha mwisho.

5. MADHABAHU ILIYOUZWA

Kwa nini vitu vya namna hii vimebaki vichache duniani? Jibu ni rahisi: dhahabu na fedha huyeyuka. Vita ikija, au njaa, au deni, mwenye chombo cha dhahabu hukikatakata. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza mwaka 1789, vyombo vingi vya makanisa vilitiwa motoni vikafanywa sarafu. Kazi ya miaka mingi ikaisha kwa dakika chache.

Kuna kisa kingine, cha mji wa Basel katika Uswisi. Kanisa kuu la huko lilikuwa na bamba kubwa la dhahabu la kuwekwa mbele ya madhabahu, kazi ya mwanzo wa karne ya 11. Lina urefu wa kwenda juu kama sentimita 120, na upana kama sentimita 178. Ndani yake wamesimama watu watano chini ya matao, na Yesu yupo katikati. Miguuni pake wamepiga magoti mfalme mkuu Henry wa Pili na mkewe Kunigunde, wadogo kama vidole.

Mwaka 1529 watu wa Basel walivunja sanamu nyingi za makanisa, lakini hazina hii ilisalimika, ikafungiwa. Ilikaa miaka zaidi ya mia tatu. Kisha mwaka 1833, baada ya mapigano, watu wa mjini na watu wa vijijini waligawana nchi. Hazina ya kanisa nayo ikagawanywa: theluthi moja kwa watu wa mjini, theluthi mbili kwa watu wa vijijini. Bamba la dhahabu likaangukia upande wa vijijini.

Wao wakafanya nini? Walikuwa ndio kwanza wanaanzisha serikali yao, na pesa zilihitajiwa. Mwaka 1836 walipiga mnada. Bamba likanunuliwa, likauzwa tena, na mwaka 1854 likaingia katika makumbusho ya Cluny mjini Paris. Liko huko mpaka leo. Mjukuu wa mkulima wa Basel akitaka kuona kitu cha babu zake, lazima apande gari moshi aende Ufaransa.

Hatuwacheki watu wale. Mwenye shida hauzi kwa kupenda. Lakini tunaona somo. Kitu kikiuzwa mara moja, pesa zake huliwa zikaisha, na kitu hakirudi.

6. NA SISI JE?

Labda utasema: sisi kijijini hatuna madhabahu ya dhahabu. Kweli. Lakini nenda ukatazame kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Utakuta sufuria za shaba za bibi, bangili za zamani, hata kengele iliyopasuka. Vyote vinapimwa kwa kilo. Mizani haiulizi nani alitengeneza, wala ilichukua siku ngapi. Mizani inajua uzito tu. Rudi kwenye hesabu yetu ya juu: katika kazi nzuri ya kugonga, madini ni kidogo, kazi ndiyo nyingi. Basi anayeuza kwa kilo anapokea bei ya madini, na kazi anaitoa bure.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kabla ya kuuza kitu cha kale, kwanza waulize wazee: kilitoka wapi, na nani alikitengeneza? Andika majibu yao katika daftari. Pili, ukiweza, pata ushauri wa ofisa utamaduni au watu wa makumbusho. Tatu, kama ni mali ya watu wengi, ya kanisa, ya msikiti au ya ukoo, asiuze mtu mmoja. Kaeni kikao, muamue pamoja, na maamuzi yaandikwe.

Na nyinyi mafundi, andikeni majina yenu. Tulimjua fundi mmoja wa majiko ya bati aliyejiunga na kisomo akiwa mtu mzima. Kwa miaka mingi majiko yake yaliuzwa mjini, na wenye maduka walisema ni majiko yao. Alipojua kuandika, alichukua msumari akaanza kutoboa jina lake na jina la kijiji chini ya kila jiko. Wanakisomo wenzake walicheka: nani atasoma chini ya jiko? Lakini siku moja walifika wageni kijijini, wameshika jiko kuukuu, wanamwuliza mtu aliyelitengeneza. Walitaka mengine.

Kuandika jina kuna mzigo wake pia. Ukiandika jina lako juu ya kazi mbovu, ubovu huo ni wako. Vuolvinius aliweza kuandika kwa sababu kazi yake ilikuwa imara. Kwanza kazi, kisha jina.

ZOEZI LA MIKONO

Tafuta karatasi laini ya bati, kama ile inayofungia majani ya chai au sigara. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa. Kwa kijiti chenye ncha butu, andika jina lako ukikandamiza kidogo. Sasa geuza. Herufi zimeinuka, lakini zinasomeka kinyume! Jaribu tena mpaka upate jina linalosomeka sawa upande wa kuinuka. Utaelewa kidogo taabu ya sonara.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sonara hulilaza bamba juu ya lami, na si juu ya jiwe?

2. Kwa nini bamba hurudishwa motoni mara kwa mara?

3. Bamba la fedha lina ukubwa na unene sawa na lile la mfano wetu. Sentimita moja ya ujazo ya fedha ina uzito wa gramu 10.5. Bamba zima lina uzito gani? (Jibu: kilo 5.25.)

4. Angilbert alitoa mali, Vuolvinius alitoa kazi. Je, ni haki wote kupewa taji? Toeni sababu.

5. Katika kijiji chenu kuna kitu gani kilichotengenezwa kwa mikono zamani, ambacho mnamjua fundi wake? Jina lake limeandikwa mahali? Kama halijaandikwa, nani ataliandika, na lini?

Swali la tano msilijibu kwa mdomo tu. Chukueni kalamu.

Elimu haina mwisho.